Salfa ya Kwenye Platini Hailali

Miezi minne ya mwanzo ya utafiti wangu iliharibiwa na dikloromethani, kiyeyushi ambacho karibu kila maabara ya kemia hukitumia hata kusuuzia chupa. Hakikumwagika wala hakikuwa kichafu. Kosa lilikuwa langu: nilikichukulia kama maji, kitu cha kuyeyushia tu, kumbe kile nilichokitia ndani kilikuwa kinakitafuna taratibu. Naandika haya kwa yeyote anayeanza kutengeneza kompleksi za platini (chuma katikati, kimeshikwa na molekuli au ioni nyingine) zenye salfaidi, yaani salfa isiyoshika kaboni, na thiolati, yaani salfa iliyoshika kaboni. Maelezo ya namna ya kuzipata yapo mengi. Yanayoeleza namna zinavyojiendesha zikishakuwa mkononi mwako ni machache, na hapo ndipo nilipoumia.

Kazi niliyopewa ilionekana ndogo. Nilitakiwa kutengeneza kompleksi ambayo wanaoifahamu huiita kwa kifupi Pt₂S₂: atomu mbili za platini zilizounganishwa na madaraja mawili ya salfaidi, kila platini ikiwa imeshika trifenilfosfini mbili (molekuli zenye fosforasi, kwa kifupi fosfini). Inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pete yake ya katikati imekunjika kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Salfa mbili ziko kwenye mgongo wa kitabu, na platini mbili pamoja na fosfini zake ndizo majalada. Kila salfa imebakiwa na jozi za elektroni ambazo hazijashika kitu, nazo zimeelekea nje, tayari kumpa yeyote apitaye: ioni ya fedha, ya shaba, ya risasi, ya zebaki, au kaboni iliyobeba halojeni, yaani klorini, bromini au iodini. Mpango wetu ulikuwa kuongeza kikundi cha benzili, ambacho hushika salfa kwa kaboni yake, kwenye salfa moja, salfaidi igeuke kuwa thiolati, ya pili ibaki kama ilivyo. Hatua mbili tu kwenye karatasi.

Safari huanza na chumvi nyekundu, potasiamu tetrakloroplatinati. Asilimia 47 ya uzito wake ni platini, kwa hiyo kila gramu unayoiacha kwenye karatasi ya kupimia au kwenye kingo za faneli ni karibu nusu gramu ya chuma cha thamani. Mwalimu wangu alinipa gramu tano na kuniambia hizo ndizo za mwaka. Nilizipima mikono ikitetemeka. Kutoka hapo unapita kwenye kompleksi ya kloraidi mbili na trifenilfosfini mbili, unga mweupe, na hapa kuna jambo la kuhakikisha kabla hujasonga mbele: uwe na ya cis, yaani kloraidi mbili zikiwa jirani na si zikitazamana, ambayo huitwa trans. Pete inahitaji salfa mbili zikae bega kwa bega kwenye platini moja.

Rangi haitakuambia. Spektra ya NMR ya fosforasi, kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila aina ya fosforasi kama mstari, itakuambia kwa dakika chache. Karibu theluthi moja ya atomu za platini ni za aina ya 195, ambayo huonekana kwenye sumaku, kwa hiyo kila mstari wa fosforasi huja na vimistari viwili pembeni, kama mtu mzima aliyesimama katikati ya watoto wawili. Pima umbali kati ya hao watoto. Kwa cis ni karibu hezi 3670, kwa trans ni karibu 2640. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba huwezi kukosea. Mimi sikupima mara ya kwanza. Niliona mstari na vimistari, nikaandika kwenye daftari "sawa", nikaendelea. Bahati ilikuwa upande wangu siku ile, maana nilipopima baadaye ilikuwa cis kweli. Lakini ningeweza kupoteza platini yote kwa kutotaka kufanya hesabu moja ya kutoa.

Bahati haikurudi kwenye hatua iliyofuata. Ili kuingiza salfaidi unakoroga ule unga mweupe ndani ya benzeni pamoja na sodiamu salfaidi yenye maji tisa, salfaidi ikiwa nyingi kuliko inavyohitajika. Hakuna kinachoyeyuka vizuri, ni uji tu unaozunguka, na polepole weupe unageuka kuwa rangi ya chungwa. Nilikoroga siku mbili. (Benzeni husababisha saratani, kwa hiyo kila kitu kilifanyika ndani ya kabati la kufyonza hewa, hata kuchuja.)

Chupa ya salfaidi niliyoikuta kabatini ilikuwa ya zamani. Fuwele zake zilikuwa zimelowa na kushikamana, za juu zikiwa za njano kama mafuta ya alizeti. Nilizivunja kwa kijiko cha chuma, nikapima, nikatia. Rangi ya chungwa ilipatikana kweli, nikafurahi. Lakini spektra ilionyesha zaidi ya kitu kimoja, na mashine ya kupima masi, yaani uzito wa molekuli, ilitoa kilele karibu na 848 mahali ambapo nilitegemea kuona 1504, yaani Pt₂S₂ pamoja na protoni moja. Nilikaa na namba hiyo wiki nzima. Nilijaribu kuondoa fosfini, kuongeza kloraidi, kuongeza maji, hakuna kilichokubali.

Aliyenisaidia ni fundi wetu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu. Alishika ile chupa, akaitazama kwenye mwanga, akauliza, "Mwanangu, uliitumia hii hivi hivi?"

"Ndiyo, Mzee. Lebo inasema sodiamu salfaidi."

"Lebo iliandikwa siku ilipotoka kiwandani. Sodiamu salfaidi haina rangi. Hii ya njano imeshapigwa na hewa, ndani mna polisalfaidi."

Nilirudi kwenye karatasi, nikajumlisha platini moja, fosfini mbili na salfa nne zilizofungana mnyororo. Jibu likaja 848. Sikuwa na platini mbili wala madaraja. Nilikuwa na pete ya tetrasalfaidi, kompleksi ambayo nayo inajulikana vizuri na ni nzuri kwa haki yake, ila si niliyoitaka. Platini na minyororo ya salfa wamejuana zamani. Mwaka 1903 Hofmann na Höchtlen walishaeleza chumvi ya amoniamu ambayo platini yake imezungukwa na minyororo mitatu ya salfa tano tano. Ukiipa platini salfa ndefu, itaichukua salfa ndefu. Nimeacha kabisa kutumia salfaidi bila kuitazama. Nachagua fuwele zisizo na rangi, zenye njano nazisuuza haraka kwa maji kidogo na kuzikausha kwa karatasi hadi njano iishe, na chupa ikishaanza kugeuka yote naagiza nyingine. Salfaidi ni rahisi mno ukilinganisha na platini inayokwenda kuharibiwa nayo.

Kabla sijafika kwenye dikloromethani lazima niseme jambo la hatari, na naomba lisirukwe. Baada ya kuchuja, unaosha mashapo ya chungwa kwa maji ili kuondoa chumvi na salfaidi iliyobaki, kisha methanoli, kisha etha. Maji yale ya kwanza ya kuoshea yana salfaidi nyingi. Mara ya pili nilipofanya kazi hii nilichoka, ilikuwa usiku, nikayamimina kwenye dumu la taka za maji bila kusoma kilichokuwamo. Kilichokuwamo ni asidi. Nilisikia povu likichemka, kisha harufu ya mayai viza ikanipiga usoni. Kilichonitisha zaidi kilifuata baada ya hapo: harufu ilianza kupungua huku povu likiendelea. Salfaidi ya haidrojeni hufanya hivyo. Kwenye kiasi kidogo sana pua huinasa, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua hufa ganzi ndani ya dakika chache, na wewe unadhani hewa imesafika. Nilishusha kioo cha kabati, nikatoka, nikafunga mlango, nikamwita mlinzi wa zamu. Niliumwa kichwa hadi kesho yake asubuhi. Tangu usiku ule maji ya salfaidi yana chupa yake peke yake, yamewekwa alkali, yanaharibiwa ndani ya kabati kwa myeyusho wa hipokloraiti unaotiwa kidogo kidogo, na asidi haisogei karibu. Usimimine chochote chenye salfaidi ukiwa umechoka. Kiache hadi kesho.

Sasa dikloromethani.

Nilipopata Pt₂S₂ safi, kilele kikiwa 1504 na mstari mmoja wa fosforasi, kilichonisumbua ni kwamba haitaki kuyeyuka. Methanoli haiitaki, etha haiitaki, benzeni inailamba tu. Nilijaribu dikloromethani. Mwanzoni nayo ilikataa, lakini nilipokoroga kwa muda uji ulianza kupungua na kimiminika kikawa cha njano angavu. Hadi asubuhi hakukuwa na chembe chini ya chupa. Nakumbuka nilivyoiinua chupa ile kwenye taa nikaona upande wa pili bila doa. Nilidhani nimepata njia ya kuisafisha. Niliongeza etha, ikashuka kama unga wa njano, nikachuja, nikakausha, nikaandika: "imesafishwa". Nilifanya hivyo kwa kila toleo lililofuata kwa miezi minne.

Sikujiuliza kwa nini kitu kilichokataa kila kiyeyushi kimelainika ghafla. Sikujiuliza kwa nini rangi ya chungwa imekuwa ya njano. Spektra za fosforasi zilianza kuonyesha mistari miwili, nami niliita mmoja wao uchafu na kusafisha tena, kwa dikloromethani ile ile. Kila nikisafisha, uchafu unazidi. Benzili bromidi niliyoiongeza juu ya unga huo haikufanya kitu, nikahitimisha kwamba mpango wetu ni mbovu. Nilimwambia Mwalimu hivyo mbele ya kikundi kizima, kwa uhakika kabisa, na naona uchungu kulikumbuka hilo kuliko platini iliyopotea.

Mwalimu hakubishana. Alisema, "Kapime masi ya huo unga unaouita safi." Nilikuwa sijaupima tangu toleo la kwanza, kwa sababu mashine ilikuwa jengo jingine na foleni yake ndefu. Kilele kilikuwa karibu na 1553. Pt₂S₂ yenyewe ni 1503. Ziada ya karibu 50 ilinikalia kichwani nikiwa bado nimesimama mbele ya skrini, na mpangilio wa isotopu ulionyesha klorini. CH₂Cl. Salfa ilikuwa imemshika kaboni wa kiyeyushi, ikaitoa kloraidi moja, na kubaki na kikundi cha klorometili mgongoni. Kile nilichokiona kama kuyeyuka kilikuwa mmenyuko. Kompleksi isiyo na chaji ilikuwa imegeuka kuwa ioni chanya, na ioni ndiyo iliyokubali kuyeyuka. Nilipotafuta maandiko nikakuta tabia hiyo iliripotiwa miaka mingi nyuma, na kwamba ndugu zake wenye fosfini za kuunganika mbili mbili huenda mbali zaidi, huimeza dikloromethani na kutoa pete yenye S-CH₂-S.

Ukijiuliza kwa nini, angalia salfa ilivyo. Kwenye thiolati ya kawaida salfa imeshagawana elektroni na kaboni na platini. Kwenye daraja la salfaidi imeegemea platini mbili tu, na platini hizo zimeshashiba elektroni za fosfini. Haina haja ya kuzing'ang'ania zake. Dikloromethani, ambayo kwa salfa nyingine ni kama ukuta, kwa hii ni mlango ulioachwa wazi. Kloroformu ina tatizo jingine: ile tunayoitumia kwenye NMR ikikaa hutengeneza asidi kidogo, na salfa hii hupokea protoni mara moja. Kwa kompleksi za ukoo huu asidi ikizidi pete hupasuka kabisa, salfa ikaondoka kama salfaidi ya haidrojeni. Sampuli yangu moja iliyokaa kwenye kloroformu ya zamani kwa siku mbili ilionyesha mstari ninaoufahamu vizuri, wenye watoto walioachana hezi 3670. Kloraidi mbili, fosfini mbili, cis. Nilikuwa nimerudi nilikoanzia.

Nililia siku ile, sioni sababu ya kulificha. Gramu tano za mwaka zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Kilichoniokoa ni ushauri wa yule fundi wa tangu wiki ya kwanza: chupa moja ya mabaki yote ya platini. Kila maji ya kuoshea yenye rangi, kila karatasi ya chujio, kila sampuli ya NMR iliyokwisha, vyote vimo. Platini haiozi. Mabaki hayo yalirudishwa kuwa chumvi nyekundu na mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na ingawa hayakurudi yote, yalitosha kunianzisha upya. Anza chupa hiyo kabla ya jaribio lako la kwanza.

Nilipoanza upya, ishara ile ile iliyonidanganya ndiyo niliyoitumia kama taa. Nilitia Pt₂S₂ ya chungwa ndani ya methanoli, ambayo haiigusi, ikawa uji. Nikaongeza benzili bromidi kwa sindano, ziada kidogo. (Inawasha macho vibaya. Glavu zilizogusana nayo zivuliwe ndani ya kabati, usije ukajifuta uso.) Nikakoroga na kutazama. Baada ya muda ukingo wa uji ulianza kuwa wazi, kisha chupa nzima ikawa njano angavu. Safari hii nilijua maana yake, maana methanoli haina cha kumpa salfa. Kilichoingia ni benzili. Masi ilikuwa karibu 1594, yaani 1503 na 91 za benzili, bila kilele kingine cha maana. Nikaongeza amoniamu heksaflorofosfati, chumvi ikashuka kama unga wa limau. Nilikaa kwenye kiti nikautazama unga ule kwa muda mrefu.

Spektra yake ilikuwa somo lenyewe. Fosfini zilizo mkabala na salfaidi iliyobaki na zile zilizo mkabala na thiolati mpya hazifanani tena. Watoto wa kundi la kwanza wamesogeleana, wa kundi la pili wameachana kwa mamia ya hezi zaidi. Salfaidi inaivuta platini kwa nguvu kuliko thiolati, na fosfini iliyo mkabala nayo inalegea. Hivyo ile "mistari miwili" niliyoiita uchafu miezi yote ile ilikuwa inaniambia waziwazi: salfa moja imeshabadilishwa. Ukiona aina mbili za fosforasi zenye miachano tofauti kwenye kompleksi hii, usisafishe kwanza. Jiulize salfa imekutana na nani.

Salfa ya pili ni kazi nyingine. Ya kwanza ikishabadilishwa kompleksi nzima ni chanya, na elektroni za salfa iliyobaki haziko huru kama mwanzo. Ndiyo maana chumvi ile ya heksaflorofosfati ninaweza kuiyeyusha kwenye dikloromethani kwa saa kadhaa bila madhara, jambo ambalo ningelikataa kwa hofu kama nisingelijaribu kwa miligramu mbili kwanza. Ukitaka kubadilisha zote mbili inabidi utumie kitu kikali, kama dimethili salfeti, na angalia ioni inayobaki. Ioni ya iodidi hupenda platini na inaweza kuisukuma fosfini nje, kisha kwenye spektra ya fosforasi unaona kimstari karibu na −5 cha fosfini huru, au karibu na 29 kama imeshaungana na oksijeni. Dimethili salfeti ni sumu kali inayopita kwenye ngozi bila kutoa onyo. Nimeitumia mara mbili tu, kila mara nikiwa na mtu pembeni.

Thiolati za kawaida, zile za pembeni zisizo daraja, zilinipa makosa mengine mawili. La kwanza lilikuwa la thiofenoli. Nilichanganya kloraidi nyeupe na thiofenoli na triethilamini, nikaacha chupa wazi usiku kucha kwa kuwa kiyeyushi kilikuwa kingi na nilitaka kipungue. Asubuhi nilikuta sindano ndefu zisizo na rangi zimejipanga ukutani mwa chupa, nzuri kiasi kwamba niliwaita wenzangu wazitazame. Hazikuwa na fosforasi hata kidogo. Ziliyeyuka karibu nyuzi 60. Zilikuwa difenili disalfaidi: thiofenoli mbili zilizounganishwa na oksijeni ya hewa, beizi ikizisukuma. Thiolati ya platini niliyoitaka ni ya njano na ilikuwa chini ya chupa, nimeidharau. Fanya kazi hii chini ya naitrojeni, pima thiofenoli kwa usahihi, na usiamini uzuri wa fuwele.

Harufu nayo si jambo dogo. Binadamu hunusa thioli kwenye viwango vidogo mno, ndiyo maana ethanethioli hutiwa kwenye gesi ya kupikia ili uvujaji ujulikane. Glavu moja niliyoitupa kwenye pipa la kawaida la ukumbini ilitosha kuwatoa watu wa ghorofa nzima nje, wakiamini gesi inavuja. Niliomba radhi mlango kwa mlango. Vyombo, glavu na sindano vyote viloweshwe kwenye hipokloraiti ndani ya kabati kabla havijatoka humo.

Kosa la pili lilikuwa la mwanga. Nilitengeneza platini yenye bipiridini upande mmoja na benzeni-dithiolati upande mwingine, kompleksi yenye rangi nzito ya zambarau ambayo hubadilika ukibadilisha kiyeyushi. Niliipenda sana, nikaiweka karibu na dirisha ndani ya asetonitraili ili wageni waione. Baada ya siku chache zambarau ilikuwa imefifia kuelekea njano. Masi ilikuwa imeongezeka 32, oksijeni mbili, na zilikuwa zimekaa juu ya salfa. Connick na Gray waliandika kuhusu kompleksi za aina hii mwaka 1997: zikipigwa na mwanga penye oksijeni, thiolati yake huoksidishwa kuwa sulfinati. Nilikuwa nimezoea kuilinda platini nikidhani ndiyo itakayoharibika. Platini haikufanya lolote. Tangu hapo chupa zote za dithiolati nazifunga kwa karatasi ya alumini tangu dakika ya kwanza, na kiyeyushi nakitoa hewa.

Fuwele za kompleksi ya benzili zilikuja mwishoni mwa mwaka, etha ikiingia polepole kwenye myeyusho. Picha ya eksirei ilionyesha kitabu kile kile kilichofunguliwa nusu, benzili moja ikiwa imechomoza kwenye mgongo, na salfa ya pili ikiwa peke yake, bado wazi.

Mwaka uliofuata alikuja mwanafunzi mpya nikakabidhiwa nimfundishe. Nilimpa chupa ya Pt₂S₂ ambayo nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu, juu ya jina na tarehe, maneno manne: "Dikloromethani na hii, hapana." Sikumweleza zaidi, nilitaka aulize mwenyewe. Wiki ya pili alikuja mbio kwenye meza yangu, ameshika chupa ya duara yenye kimiminika cha njano angavu, uso umemjaa furaha.

"Dada, imeyeyuka yote!"

Moyo ulinishtuka. "Kwenye nini?"

"Methanoli. Nilitia methili iodidi asubuhi."

"Umeacha kidogo kwa ajili ya masi?"

Alifungua kiganja cha mkono wa pili. Kulikuwa na kichupa kidogo kimeshafungwa, na kwenye kibandiko chake ameandika namba aliyoitegemea: 1518.

Tukatoka pamoja kwenda jengo jingine, kupanga foleni.